Max Theiler na Sindano ya Homa ya Manjano

Kila mwaka mahujaji wetu, kabla ya kupanda ndege kwenda Jidda, hudungwa sindano ya homa ya manjano na kupewa cheti chake. Wengi hukiweka pamoja na pasi wasikifikirie tena. Lakini sindano ile ina mwenyewe, na leo, msomaji mpenzi, nataka nikusimulie habari zake, kwani alizaliwa katika bara letu hili na jina lake barazani kwetu halitajwi.

Max Theiler alizaliwa Pretoria, Afrika Kusini, tarehe 30 Januari 1899. Baba yake, Arnold, alikuwa Mswisi, bingwa wa maradhi ya wanyama. Kijana alisoma kwao, kisha akavuka bahari hadi London kusomea utabibu, na mwaka 1922 akaenda Marekani kufanya kazi katika chuo cha Harvard.

Zama hizo homa ya manjano ilikuwa balaa. Huvamia ini, macho yakawa manjano, mgonjwa akatapika damu nyeusi. Carlos Finlay wa Cuba alikwisha kusema mwaka 1881 kwamba mbu ndiye aienezaye, na mwaka 1900 Wamarekani wakathibitisha. Lakini mbu anabeba nini? Mjapani Hideyo Noguchi, mtu wa sifa kubwa, alishikilia kuwa ni bakteria aliyemwona yeye. Theiler, angali kijana, alikuwa miongoni mwa walioonyesha kuwa bakteria yule ni wa maradhi mengine.

Mwaka 1927 wataalamu waliokuwa Afrika Magharibi walichukua damu ya mgonjwa aitwaye Asibi, mtu wa nchi ambayo leo ni Ghana, wakamtia kima wa Bara Hindi. Kima akaugua. Ikabainika kuwa adui ni virusi. Asibi alipona, Adrian Stokes, mmoja wa wataalamu wale, akafa kwa homa hiyo mwaka uleule. Noguchi naye ilimuua Accra mwaka 1928.

Kima walikuwa ghali na wa shida kupatikana. Theiler akajaribu panya weupe, akaona kuwa virusi vikitiwa katika ubongo wao huwashika. Tangu hapo kazi iliyohitaji fedha nyingi ikafanyika kwa vijipanya. Mwenyewe aliambukizwa mwaka 1929, Mungu akamnusuru. Mwaka 1930 akahamia taasisi ya Rockefeller, New York.

Huko alivichukua virusi vya damu ya yule Asibi, akavilea katika chembe za panya wachanga, kisha za vifaranga wa ndani ya yai, akivihamisha kutoka chupa hadi chupa zaidi ya mara mia. Subira huvuta heri: vikapoteza ukali wao, vikabaki na uwezo wa kuufunza mwili kujilinda. Mwaka 1937 yeye na Hugh Smith wakaitangaza chanjo ya 17D. Ikaenea Brazil, kisha kwingineko. Hadi mwaka 1947 taasisi hiyo ilikuwa imetengeneza dozi milioni 28.

Njia haikuwa nyeupe. Mwaka 1942 maelfu ya askari wa Marekani waliochanjwa waliugua ini, kwa kuwa chanjo ilichanganywa na maji ya damu ya binadamu yaliyokuwa na virusi vingine. Maji yale yakaondolewa, kazi ikaendelea. Mwaka 1951 Theiler alitunukiwa Tuzo ya Nobel, mzaliwa wa kwanza wa Afrika kuipata. Alifariki tarehe 11 Agosti 1972, New Haven, Marekani.

Sasa nakuuliza, msomaji: je, vita vimekwisha? La. Chanjo ni ngao, si dawa. Aliyekwisha kushikwa na homa ya manjano, daktari humpa maji na kumwangalia. Dawa ya kuviua virusi vyenyewe mpaka leo haijathibitishwa. Ndivyo ilivyo kwa dengue, ambayo wazee wetu waliiita kidingapopo, na kwa chikungunya, iliyoisumbua Lamu mwaka 2004 na Mombasa mwaka 2017 na 2018. Nasi tunajua maumivu yake ya viungo.

Sababu ni mbili. Kwanza, virusi hukaa ndani ya chembe zetu na kutumia vyombo vyetu, hata kuvipiga bila kumpiga mwenye nyumba ni kazi. Pili, na hili ndilo lichomalo, wagonjwa wengi ni maskini. Mwaka 2024 kampuni moja kubwa ya Marekani ilisimamisha majaribio ya dawa ya dengue kwa kuwa ilipanga upya mambo yake.

Theiler alifanya yake kwa panya, mayai na subira ya miaka. Na wetu vijana wa maabara nao wapewe vyombo na fedha, wasingoje huruma ya mbali. Nasi wa majumbani tufunike mapipa na mitungi yetu, kwani mbu huyu hutaga katika maji tuliyoyateka wenyewe.