Zheng He: kutoka utekani hadi mnara wa kauri

Sahani na vikombe kutoka China vimejaa katika soko za Uvira, vingi vya bei nafuu. Miaka 600 iliyopita, vyombo vya nchi hiyo vilikuwa mali ya wakubwa katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki. Zheng He ni mmoja wa waliovisafirisha baharini.

Alizaliwa mwaka 1371 huko Yunnan, kusini-magharibi mwa China, katika familia ya Kiislamu, akiitwa Ma He. Alikuwa na miaka kama kumi jeshi la Ming lilipoingia kwao. Baba yake alikufa katika vita hivyo. Yeye alichukuliwa mateka, akahasiwa, akapelekwa kumtumikia mwana wa mfalme, Zhu Di. Hapa kwetu hakuna haja ya kueleza maana ya mtoto kuondoka na askari.

Zhu Di alitwaa ufalme mwaka 1402, akaitwa Yongle. Mwaka 1405 alimkabidhi mateka huyo merikebu na watu zaidi ya 27,000. Hadi mwaka 1433 zilifanyika safari saba, zikibeba hariri na kauri, ule udongo mweupe unaochomwa kwa moto mkali mpaka ukigongwa unalia. Merikebu zilifika Mogadishu, Barawa na Malindi. Mwaka 1415 Malindi ilimpelekea Yongle twiga.

Kauri haikuwa ya biashara tu. Mwaka 1369 Hongwu, baba yake Yongle, aliagiza vyombo vya kutolea sadaka viwe vya kauri. Yongle naye alianza kujenga huko Nanjing mnara wa matofali ya kauri nyeupe, kwa heshima ya wazazi wake. Alikufa mwaka 1424 kabla haujaisha, na safari zikasimamishwa kwa muda. Mwaka 1428 Zheng He akapewa kazi ya kuumalizia. Yaani mtoto aliyenyang'anywa wazazi ndiye aliyekamilisha ukumbusho wa wazazi wa bwana wake.

Alikufa katika miaka ya 1430. Maandishi mengi ya safari zake yalipotea, na mnara ulibomolewa vitani mwaka 1856. Lakini mwaka 2010, watafiti wa Kenya na China waliokuwa wakichimba Mambrui, karibu na Malindi, walipata sarafu ya Yongle. Walipata pia kigae cha kauri ya kijani ya Longquan, wanachoamini kilitoka katika tanuru ya jumba la mfalme.