Abbas bin Firnas: Mbawa na Saa ya Swala

Kijana wa madrasa akisema anataka kuwa rubani, hakosi wa kumwambia achague moja: ama ndege ama kitabu. Hebu basi tumtazame Abbas bin Firnas wa Andalusi, nchi ambayo sehemu yake kubwa leo ni Uhispania.

Alizaliwa karibu mwaka 810 upande wa Ronda, katika ukoo wa Kiberberi, akaishi Cordoba chini ya maamiri wa Bani Umayya. Sifa yake ya mwanzo ilikuwa ya lugha. Kitabu cha Khalil bin Ahmad wa Basra kuhusu arudhi, yaani elimu ya mizani za mashairi, kilipofika Cordoba, watu walikifungua wakakifunga. Yeye alikaa nacho mpaka akakifahamu, kisha akawafahamisha wenzake. Sisi tuliokaa chini tukisoma nahau tunaujua uzito wa kazi hiyo!

Kuruka kwenyewe kunakadiriwa kuwa karibu mwaka 875, naye ni mzee wa zaidi ya miaka 60. Al-Maqqari, mwanahistoria aliyefariki mwaka 1632, anasimulia kwamba alijivika manyoya, akajifunga mbawa mbili, akajirusha na akaenda masafa. Kushuka ndiko kulikomshinda, akaumia mgongo. Hakuwa amejua ya kwamba ndege hutua kwa kutumia mkia, na yeye mkia hakujitengenezea. Zile habari za kuelea dakika kumi tunazozisikia sana, al-Maqqari hakuzitaja.

Mimi lakini kinachonivutia zaidi ni saa yake. Jua likifichwa na mawingu, na usiku nyota zisionekane, muadhini atajuaje wakati? Abbas alitengeneza saa iliyopima wakati kwa mwendo wa maji, akampa Amir Muhammad wa kwanza, pamoja na beti zinazoeleza kuwa ni chombo cha kuisaidia dini katika nyakati za swala. Sisi ambao katika mwezi wa kufunga dakika moja kabla ya magharibi inatushughulisha nyumba nzima, hatuhitaji kuelezwa faida yake. Kwa hivyo aliyeruka na aliyehifadhi nyakati za ibada ni mtu mmoja.

Nyumbani kwake alitengeneza chumba mfano wa mbingu, chenye nyota, mawingu, radi na umeme. Wageni walistaajabu, na wengine wakaingiwa na shaka. Si ajabu basi kwamba mambo yalifika pabaya: alishtakiwa kwa uzindiki, tuhuma ambayo ingeweza kumtoa roho. Mashahidi wakaja na maneno yao, ati amefanya hivi, ati amesema vile. Kadhi alisikiliza, akaona hakuna cha kumhukumu nacho, akamwachilia.

Abbas alifariki mwaka 887, sawa na 274 Hijria. Shimo moja la mwezini lina jina lake tangu 1976, na Cordoba kuna daraja lake lililofunguliwa 2011. Lakini ushahidi wa zamani zaidi wa kuruka kwake hautoki kwa rafiki. Ni ubeti wa Mumin bin Said, mshairi wa mji huo huo na wa zama zake, ambaye alikuwa akimfanyia dhihaka.