Josephine Cochrane: Mjane aliyebuni mashine ya kuosha vyombo ili sahani za kale zisimeguke

MASHINE ya kuosha vyombo inapogoma katikati ya kazi, maji machafu yakatuama chini na sahani zikabaki na utando wa mafuta, mwenye nyumba hukabiliwa na swali moja tu. Amwite fundi, au aitupe na kununua nyingine? Wengi huliamua kwa kupiga hesabu: fundi anadai kiasi gani, mpya inauzwa bei gani, na hii iliyokwama imetumika miaka mingapi.

Ni wachache wanaofahamu kwamba mashine yenyewe ilizaliwa kutokana na swali linalokaribiana sana na hilo. Aliyelikabili alikuwa mwanamke wa Marekani aliyeona sahani zake za thamani zikimeguka kingo moja baada ya nyingine, na hakuna fundi wala duka ambalo lingemrudishia zilivyokuwa. Mwanamke huyo ni Josephine Cochrane.

Alizaliwa Machi 8, 1839 katika kaunti ya Ashtabula, jimbo la Ohio. Babake, John Garis, alikuwa mhandisi. Kwa upande wa mama, ukoo ulijivunia jina la John Fitch, mvumbuzi aliyeendesha chombo cha mvuke katika mto Delaware mwaka 1787, miaka 20 kabla ya Robert Fulton kuzoa sifa kwa jambo hilo hilo. Hata hivyo, binti huyu hakupelekwa kusomea mitambo. Wasichana wa zama zake walitarajiwa kujua kupokea wageni na kutunza nyumba, basi.

Baada ya kulelewa kwa muda katika mji wa Valparaiso, Indiana, alitumwa kuishi na dadake Shelbyville, mji mdogo wa jimbo la Illinois. Huko ndiko alikofunga ndoa mwaka 1858 na William Cochran akiwa na umri wa miaka 19. William alikuwa amekwenda California kusaka dhahabu, akarejea mikono mitupu, kisha akatajirikia katika biashara ya nguo na bidhaa za dukani. Alikuwa pia mtu wa siasa katika chama cha Democratic. Josephine alilichukua jina la mumewe lakini akaliongezea herufi ya mwisho, akawa Cochrane, kwa kuwa aliona linapendeza zaidi likiandikwa hivyo. Jambo dogo, ila linaonyesha alikuwa mtu wa aina gani: alichopewa hakukikubali jinsi kilivyo.

Mnamo 1870 familia ilihamia katika jumba kubwa mjini Shelbyville. Karamu ziliandaliwa mara kwa mara, na mezani ziliwekwa sahani za kaure ambazo, kwa mujibu wa masimulizi ya familia, zilitoka karne ya 17. Wageni walipoondoka, vyombo vilipelekwa jikoni, vikasuguliwa na kupangwa na watumishi. Asubuhi iliyofuata, sahani moja ingekuwa na pengo ukingoni, kikombe kingekuwa na ufa.

Masimulizi mengi huwatupia lawama watumishi hao kana kwamba walikuwa wazembe. Lakini yeyote aliyewahi kusimama mbele ya karai lenye maji moto, mikono ikiteleza kwa sabuni, usiku wa manane, anajua kwamba kaure haihitaji uzembe ili imeguke. Hugongana na mwenzake tu. Josephine mwenyewe alikuja kulifahamu hilo. Aliwazuia watumishi kuzigusa sahani hizo, akaanza kuziosha kwa mikono yake, na akaichukia kazi hiyo tangu siku za mwanzo.

Hapa ndipo lilipojitokeza swali lake. Sahani ya kaure iliyomeguka haina tiba. Ukiiunga kwa gundi, mstari wa ufa utaonekana daima. Ukinunua nyingine, haitalingana na zilizosalia, na sahani ya urithi haiuzwi dukani. Njia ya tatu ilikuwa kuhakikisha kwamba chombo hakigongwi hata kidogo wakati wa kuoshwa. Inasimuliwa kwamba alijiuliza ni kwa nini hakuna mashine ya kazi hiyo, akaamua kwamba kama hakuna mwingine wa kuibuni basi ataibuni yeye, na kwamba wazo la msingi lilimjia katika muda wa nusu saa hivi.

Kwa kweli mashine zilikuwapo, angalau kwenye makaratasi. Mwaka 1850 Joel Houghton alipewa hataza ya chombo cha mbao kilichozungushwa kwa mkono na kuvirushia vyombo maji. Hakikusafisha inavyotakiwa. Josephine alianza upande mwingine kabisa, yaani upande wa sahani. Alizipima sahani, vikombe na visosa, akatengeneza vitanga vya waya vya kuvishika, kila kimoja kwa ukubwa wake. Vitanga hivyo vilipangwa kwenye gurudumu lililolazwa ndani ya pipa la shaba. Gurudumu likizunguka, maji moto yenye sabuni yalisukumwa kutoka chini na kuvipiga vyombo kwa nguvu. Kazi ya kusugua ikawa ya maji. Sahani ilitulia mahali pake, haigusani na jirani yake.

Wazo lingeweza kubaki burudani ya mke wa tajiri, lakini mwaka 1883 William alifariki dunia. Mjane huyo wa miaka 44 aligundua kwamba fahari yote ile ilikuwa imejengwa juu ya madeni. Fedha taslimu alizoachiwa zilikuwa kidogo, zaidi kidogo ya dola 1,500, na wadai walikuwa wakisubiri. Tangu siku hiyo mashine haikuwa tena ya kuokoa kaure. Ilikuwa ya kumwokoa yeye.

Kazi ilifanyika katika kibanda nyuma ya nyumba. Alijaribu kuwatumia mafundi kadhaa, na baadaye alilalamika kwamba wanaume hao hawakufuata maelekezo yake mpaka wajaribu kwanza kwa njia yao na kushindwa, huku gharama ikiwa juu yake. Walijua hakusomea umakanika, na wakachukulia kwamba asiyesomea hajui. Aliyemsikiliza ni makanika kijana, George Butters, na ushirikiano wao ulidumu kwa miaka mingi.

Desemba 28, 1886 serikali ya Marekani ilimpa Josephine hataza nambari 355,139.

Soko alilolilenga lilikuwa akina mama wa nyumbani, nalo halikununua. Bei ilikuwa kubwa. Isitoshe, mashine ilihitaji maji moto mengi kwa mara moja, na nyumba nyingi za wakati huo hazikuwa na mtambo wa kuyachemsha kwa kiasi hicho. Maeneo mengine yalikuwa na maji ya chumvichumvi yasiyotoa povu. Walioyahitaji mapinduzi hayo kwa dhati walikuwa wenye hoteli, ambao kila siku walioshewa maelfu ya vyombo, wakalipa vibarua wengi na kununua upya vilivyovunjika.

Kupitia kwa rafiki, aliuza kwanza kwa hoteli ya Palmer House jijini Chicago. Kisha akaelekea hoteli ya Sherman House, safari hii bila wa kumtambulisha. Kwa mwanamke wa tabaka lake, aliyezoea kutoka akiwa na baba au mume, kuvuka ukumbi wa hoteli peke yake lilikuwa jambo zito. Alikuja kueleza kwamba ukumbi ule ulionekana kana kwamba una upana wa maili nzima, na kwamba alidhani angezirai kila hatua. Hakuzirai. Alitoka humo na oda ya dola 800.

Wenye mitaji nao walikuwa na sharti lao: wangeweka fedha iwapo usimamizi ungekabidhiwa wanaume. Alikataa, akaendelea kwa alichokuwa nacho.

Fursa kubwa ilikuja mwaka 1893, Chicago ilipoandaa maonyesho makubwa ya dunia ya kuadhimisha miaka 400 tangu safari ya Columbus. Mashine tisa za Josephine zilifanya kazi katika jikoni na mikahawa ya maonyesho hayo, zikiosha vyombo vya umati wa watu. Majaji walimpa tuzo. Sababu walizozitaja zilikuwa ubora wa muundo wa mitambo, uwezo wa kudumu na kufaa kwa kazi iliyokusudiwa. Tuzo haikuhusu urembo wala bei nafuu. Ilimhusu mnunuzi wa hoteli, ambaye mashine yake ikisimama saa ya chakula cha mchana hana pa kupeleka sahani mia kadhaa.

Baada ya maonyesho, oda zilitoka kwa hoteli, mikahawa, vyuo na hospitali. Hospitali zilivutiwa na jambo jingine, kwamba maji yalikuwa moto kupita kiwango ambacho mkono wa binadamu unaweza kustahimili, hivyo yaliua viini vya maradhi. Mnamo 1898 alifungua kiwanda chake katika jengo lililokuwa shule, Butters akiwa msimamizi. Mwaka 1912, akiwa na umri wa miaka 73, bado alisafiri hadi New York kutafuta wateja mwenyewe. Alifariki Agosti 1913 jijini Chicago, akazikwa Shelbyville. Hataza ya mashine yake iliyoboreshwa ilitolewa mwaka 1917, miaka minne baada ya kifo chake.

Kampuni aliyoiacha ilinunuliwa na Hobart mwaka 1926, na mwaka 1949 ikaja mashine ya nyumbani yenye chapa ya KitchenAid. Katika miaka ya 1950 akina mama aliowalenga tangu mwanzo wakaanza kuikubali, kwa kuwa sasa nyumba zao zilikuwa na maji moto ya bomba na sabuni zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Mwaka 2006 jina lake liliingizwa katika Jumba la Kitaifa la Wavumbuzi Mashuhuri nchini Marekani.

Katika safari hiyo ya kutoka jikoni ya hoteli hadi jikoni ya nyumbani, mashine ilibadilika. Pipa la shaba liliondoka, pampu ya umeme ikaingia, kisha vifaa vya elektroniki vya kuiongoza. Leo mwenye mashine iliyokwama mara nyingi husikia kanuni inayorudiwa na mafundi wa nchi nyingi, kwamba gharama ya kutengeneza ikizidi nusu ya bei ya mpya, na mashine ikiwa imekaribia miaka 10, ni heri kununua nyingine. Kanuni hiyo si mbaya, ila huwaponza wengi wanaoitumia kabla ya kujua kilichoharibika. Maji yanayotuama aghalabu husababishwa na kichujio kilichoziba au bomba lililojikunja, kasoro ambayo mwenye nyumba anaweza kuirekebisha kwa mikono yake. Mpira wa mlango uliochakaa hubadilishwa bila kubomoa kitu. Pampu au kipashio kikiungua, hapo hesabu inakuwa nzito. Bodi ya umeme ikiungua, mashine iliyo nzima kwa sehemu nyingine zote yaweza kuishia jaani kwa sababu tu kipuri hakipatikani, au kinauzwa kwa bei ya kukatisha tamaa.

Kizuizi hicho cha vipuri ndicho kilichoshughulikiwa na Umoja wa Ulaya katika kanuni zilizoanza kutumika Machi 2021. Watengenezaji wa mashine za kuosha vyombo wanaouza bidhaa zao huko wanalazimika kuwapa mafundi vipuri kama vile pampu, vipashio na bodi za umeme kwa muda usiopungua miaka saba baada ya mashine ya mwisho ya aina hiyo kuingizwa sokoni. Kwa sehemu ambazo mwenye nyumba anaweza kubadilisha mwenyewe, muda huo ni miaka 10. Katika orodha ya sehemu hizo mna mipira ya mlango, mikono inayorusha maji, vichujio, na vile vitanga vya kushika sahani ambavyo Josephine Cochrane alivipima kwa waya huko Shelbyville.