Wasifu wa Tom Mboya: Kura Moja kwa Kila Mtu

Mtahiniwa, ukiulizwa uandike wasifu wa Tom Mboya, huenda kalamu yako ikakimbilia ndege zilizowapeleka wanafunzi wetu Marekani. Hilo ni jambo kubwa, ila watahini wamelisoma mara nyingi mno. Hapa tutafuata mkondo mwingine: jinsi alivyopigania haki ya kila mtu mzima kupiga kura.

Thomas Joseph Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 katika shamba la mkonge huko Kilima Mbogo, ambako baba yake, mwenyeji wa Kisiwa cha Rusinga, alifanya kazi. Alisoma hadi Mang'u, karo ikawa kikwazo, akajifunza ukaguzi wa afya, kisha akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Zingatia kisa kimoja cha wakati huo. Mwanamke Mzungu aliingia maabarani na chupa ya maziwa ya kupimwa, akatazama huku na huku, akauliza kama hakuna mtu humo ndani. Mboya alikuwa mbele ya macho yake.

Ukikielewa kisa hicho, utauelewa uchaguzi wa Machi 1957, wa kwanza ambapo Waafrika wa Kenya waliwachagua wenyewe wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Walitengewa viti 8. Je, nani alihesabiwa kuwa mtu? Mzungu mzima alipiga kura bila kupimwa. Mwafrika alipimwa kwa elimu, mapato, mali na utumishi wake. Aliyetimiza masharti kadhaa aliweza kupewa hadi kura 3, na asiyetimiza lolote hakupata hata moja. Wakikuyu, Waembu na Wameru walidaiwa pia cheti cha uaminifu kwa serikali, maana Hali ya Hatari ilikuwa bado haijaondolewa.

Mboya, aliyekuwa tayari kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, angeweza kuususia uchaguzi huo. Badala yake aligombea Nairobi, akamshinda wakili Argwings-Kodhek kwa kura chache. Usiipite hoja hii haraka: aliingia kwa mlango uleule alioutaka ubomolewe. Yeye na wenzake 7, wakiwemo Oginga Odinga, Ronald Ngala na Masinde Muliro, walikataa vyeo vya uwaziri, wakadai viti zaidi na kura moja kwa kila mtu. Desemba 1958, akiwa na umri wa miaka 28, aliongoza kikao cha mataifa ya Afrika jijini Accra.

Mazungumzo ya Lancaster ya 1960 yalilegeza masharti. Uchaguzi wa 1961 ulipofika, Mboya, Mjaluo, aligombea Nairobi Mashariki, ambako Wakikuyu wengi waliofungiwa nje mwaka 1957 sasa walikuwa na kura. Mpinzani wake alikuwa Dkt. Munyua Waiyaki, Mkikuyu. Mboya alipata zaidi ya kura 30,000. Waiyaki hakufikisha 3,000. Mei 1963 watu wazima wote wakapiga kura, bila mizani.

Aliuawa kwa risasi jijini Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi. Wengi huandika kwamba alikuwa na miaka 39. Hesabu tena: alikuwa na 38.