Frank Rosenblatt, Aliyeifundisha Mashine Kuona

Hapa kwetu Miritini hata mtoto wa miaka sita anajua malori. Mkalishe kando ya barabara kuu ya Nairobi naye atakutajia: hili ni tangi la mafuta, lile limebeba kontena, lile ni tupu linarudi bandarini. Hakuna aliyempa somo. Aliona, akakosea, akarekebishwa, basi. Siku moja nilisema darasani kwamba mashine haiwezi kujifunza namna hiyo, nikabishiwa mpaka kengele ikalia. Nikaenda kutafuta ukweli. Nilichokipata ni kisa cha mtu aliyefariki zamani, nacho ndicho ninachowaletea.

Frank Rosenblatt alizaliwa tarehe 11 Julai 1928 mjini New Rochelle, jimbo la New York, Marekani. Alisoma katika shule ya upili ya sayansi ya Bronx, kisha Chuo Kikuu cha Cornell, alikopata shahada ya kwanza mwaka 1950 na ya uzamifu mwaka 1956. Mtu angedhani alisomea uhandisi. La, alisomea saikolojia! Yeye hakuanza na nyaya. Alianza na ubongo, akitaka kujua vipi kiumbe huona kitu leo na kesho akakitambua.

Siku zile tarakilishi ilifanya ilichoamriwa tu. Mwaka 1957, akiwa katika maabara ya Cornell huko Buffalo, Rosenblatt alileta wazo la mashine aliyoiita pasepitroni. Mashine hiyo inaonyeshwa picha, inabahatisha jibu. Ikipatia, haiguswi. Ikikosea, nguvu za viungo vyake vya ndani zinaongezwa au kupunguzwa kidogo, halafu inaonyeshwa tena. Aliyepitia chuoni na ubao wake atanielewa: ukiisoma te ukaiita be, mwalimu anakurudisha, na ukirudishwa mara kadhaa ile nukta ya pili huisahau maisha.

Julai 1958 wazo hilo lilijaribiwa mbele ya watu kwa kutumia IBM 704, tarakilishi ya kujaza chumba. Iliyogharimia kazi ni Jeshi la Wanamaji la Marekani. Mashine ilipewa kadi zenye alama, nyingine upande wa kushoto, nyingine kulia. Baada ya majaribio 50 ikaweza kuzitenganisha yenyewe. Najua mnacheka, eti kushoto na kulia tu! Lakini hakuna aliyeiandikia kushoto ni nini. Iligundua.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Tarehe 8 Julai gazeti la New York Times liliandika kwamba wanamaji walitarajia mashine hiyo siku moja itatembea, itazungumza, itaandika, hata itajizalisha na kujitambua. Wanasayansi wenzake walikasirika. Kwa maoni yangu, Rosenblatt mwenyewe hakukosa lawama, maana alipenda kuahidi makubwa. Mvuvi hauzi samaki aliye bado baharini.

Hata hivyo kazi aliifanya. Mwaka 1960 alionyesha mashine yenyewe, Mark I, ambayo iliweza kujifunza herufi. Jicho lake lilikuwa na vijicho 400 vya umeme, vilivyopangwa 20 kwa 20. (Kamera ya simu ya leo ina mamilioni.) Nguvu za viungo vyake zilikuwa ni vifaa kama vile vya kuongezea sauti ya redio, vikizungushwa na mota ndogo. Kila ilipokosea, mota zilizunguka. Yaani kujifunza kwake ungeweza kukutazama kwa macho!

Mpinzani wake mkubwa alikuwa Marvin Minsky, aliyesoma naye shule ile ile ya Bronx. Mwaka 1969, yeye na Seymour Papert, mzaliwa wa Afrika Kusini, walitoa kitabu kilichothibitisha kwa hesabu mipaka ya pasepitroni ya tabaka moja. Chukua taa ya ngazi yenye swichi mbili, moja chini na moja juu. Swichi zikielekea upande mmoja, taa imezimika, zikitofautiana, inawaka. Kanuni hiyo ndogo tu, mashine ya tabaka moja haiwezi kujifunza hata ukiionyesha mpaka kesho. Rosenblatt alijua kwamba tabaka nyingi zingeweza. Ila njia nzuri ya kuzifundisha zote kwa pamoja haikuwa imepatikana. Wafadhili wakajiondoa.

Yeye akageukia utafiti wa ubongo wa panya, na usiku akitazama nyota. Tarehe 11 Julai 1971, siku aliyotimiza miaka 43, alifariki katika ajali ya mashua kwenye Ghuba ya Chesapeake. Minsky na Papert walikuja kukitabaruku kitabu chao kwa kumbukumbu yake.

Mwaka 1986 Rumelhart, Hinton na Williams walieleza njia ya kufundisha tabaka nyingi, na ikashika. Mwaka 2012 mashine ya aina hiyo ilizipita nyingine zote kwa mbali katika shindano la kutambua picha. Hinton alishiriki tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2024. Rosenblatt hakuyaona hayo.

Lakini mashine hujua ilichoonyeshwa tu. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru, mzaliwa wa Addis Ababa, walipima programu za kutambua jinsia ya mtu kwa uso. Kwa wanaume weupe hazikukosea hata mara 1 kwa 100. Kwa wanawake weusi, mojawapo ilikosea zaidi ya mara 34 kwa 100. Huenda picha za kufundishia zilijaa nyuso nyeupe.

Yule niliyebishana naye nimekwisha kumwambia kwamba alinishinda. Sasa nangoja anieleze zile swichi mbili.