Abu Maashari wa Balkhi na Kitabu Kinachobeba Jina Lake

Katika mji wa Kakamega, na vivyo hivyo katika miji mingine ya bara, hubandikwa juu ya nguzo za umeme na kuta za sokoni matangazo ya watu wanaojiita waganga na wanajimu. Hudai kwamba wametoka Mombasa, au Tanga, au Pemba, na kwamba waweza kumtazamia mtu nyota yake wakamjulisha dawa ya maradhi yake, kazi itakayomfaa, na mke au mume atakayepatana naye. Yamkini wengine katika hao hawajapata kuiona bahari. Lakini jina la pwani limekuwa bidhaa, kwa kuwa watu wa bara wamesadiki kwamba Waislamu wa pwani ndio wenye elimu ya nyota. Kwa hivyo jambo hili linatuhusu sisi sote, wa huko na wa huku. Na kitabu kinachotegemewa sana katika kazi hiyo, huko pwani kabla ya kufika huku, ni kitabu cha Kiarabu kilichopigwa chapa Misri, chenye jina la Abu Maashari al-Falaki. Wengi wanalitaja jina hilo kwa heshima, na wachache wanajua mwenyewe alikuwa nani. Tumeona inafaa kueleza habari zake.

Jina lake ni Jaafar bin Muhammad bin Umar, mtu wa Balkhi, mji wa Khurasani ya kale ambao leo umo katika nchi ya Afghanistan. Alizaliwa mnamo mwaka 171 wa Hijra, yaani 787 wa Miladi, katika siku za Harun al-Rashid. Baadaye tunamkuta Baghdad, na shughuli yake ya kwanza haikuwa nyota bali hadithi za Mtume. Siku hizo alikuwako Baghdad mwanafalsafa Yaakub bin Is-haka al-Kindi, aliyekuwa akisomesha elimu za Wayunani. Abu Maashari alimchukia sana, akawa akiwachochea watu wa mitaani juu yake. Al-Kindi hakumjibu kwa matusi. Alimpelekea mtu wa kumpendezeshea elimu ya hesabu na ya handasa, naye Abu Maashari akanasa. Akaingia katika elimu hizo, lakini hakuzikamilisha. Aliziacha njiani akakimbilia hukumu za nyota, naye umri wake umekwisha timia miaka 47. Hivyo ndivyo alivyoeleza Ibn al-Nadim, aliyeandika kitabu chake cha Fihrist mwaka 377 H. (987).

Iko riwaya nyingine, ya Yakuti al-Hamawi, isiyopatana sana na hiyo. Yeye asema kwamba Abu Maashari alitoka Khurasani akikusudia kuhiji, wala hakuwa akijua mengi katika mambo ya nyota. Njiani akasikia habari za maktaba kubwa ya Ali bin Yahya, iliyokuwa wazi kwa kila mwenye kutaka kusoma, na wageni wakilishwa humo bure. Akapita kuitazama. Alipoviona vitabu alishangaa, akakaa, akasoma elimu ya nyota mpaka akazama ndani yake, wala Makka hakufika. Yakuti anamsema kwa maneno mazito zaidi katika jambo la dini yake, nasi hatutaki kuyarudia, kwani yaliyomo moyoni mwa mtu anayajua Mola wake. Lakini zitazame riwaya hizi mbili, ndugu msomaji. Zinahitilafiana katika mahali na katika sababu, na zote mbili zinamweleza mtu aliyekuwa katika njia njema akageukia kando kabla ya kuimaliza.

Wala hakuwa mjinga. Ni dhulma kumvunjia mtu haki yake. Kitabu chake kikubwa, al-Madkhal, alichokiandika karibu na mwaka 848, kilitafsiriwa kwa Kilatini mwaka 1133 na tena mwaka 1140, na watu wa Ulaya wakamwita Albumasar. Ndani ya kitabu hicho mna maelezo marefu ya kujaa na kupwa kwa bahari: jinsi maji yanavyoufuata mwezi unapopita juu yetu na unapopita upande wa chini ya ardhi, na jinsi yanavyozidi nguvu unapoandama na unapokuwa mpevu. Mvuvi wa Lamu au wa Vanga hana haja ya kufundishwa hayo, maana bamvua na maji mafu ndiyo kalenda yake. Ulaya, hata hivyo, ilijifunza mengi ya mambo haya kutoka katika kitabu hicho.

Kosa lake lilianzia papo hapo penye ukweli. Alisema: ikiwa mwezi unaivuta bahari, basi nyota nazo zinavuta mambo ya wanadamu, afya zao na maradhi yao, ndoa zao na riziki zao. Hii ni hatua kubwa isiyokuwa na daraja. Bahari ikijaa Mombasa humjalia tajiri na maskini, mwenye jina hili na mwenye jina lile, na mtu aweza kuipima kwa kijiti. Nani amepata kuipima ndoa kwa mwendo wa Zuhura? Akazidi kupanda, akafungamanisha kuja kwa dini na kuanguka kwa dola na kukutana kwa Zuhali na Mushtari, nazo hukutana kila baada ya miaka 20 hivi. Zilionekana pamoja, karibu mno, magharibi ya tarehe 21 Desemba 2020. Mwenye hesabu aliweza kuijua tarehe hiyo miaka mingi mbele, kwa kuwa Mwenyezi Mungu ameziwekea nyota mwendo usiobadilika. Lakini habari ya nani atafukuzwa kazi mwezi ule haikuwamo katika hesabu hiyo.

Umaarufu wake ulikua kwa hadithi kama hii iliyosimuliwa na Ibn Khallikan. Mfalme mmoja alikuwa akimtafuta mtu ili amwadhibu, na mtu yule akahofu kwamba Abu Maashari atamfichua kwa nyota. Akachukua beseni kubwa akalijaza damu, akaweka kinu cha dhahabu katikati, akakaa juu ya kinu siku kadha wa kadha. Abu Maashari akatazama, akanyamaza, kisha akamwambia mfalme kwamba anamwona mtu huyo juu ya mlima wa dhahabu uliozungukwa na bahari ya damu, wala duniani hakujui mahali kama hapo. Mfalme akatangaza amani, mtu akajitokeza akaeleza hila yake, wote wakastaajabu. Watu huisimulia hadithi hii kuwa ni sifa ya mnajimu. Sisi twaona kwamba, hata ikiwa ni kweli, mtu alikuwa katika mji ule ule na hakupatikana. Aliyemtoa ni msamaha, si nyota.

Khalifa al-Mustain, aliyetawala kutoka 862 mpaka 866, aliamuru apigwe mijeledi kwa sababu ya jambo alilolitabiri likatokea, naye akalalamika kwamba amesibu ndipo akaadhibiwa. Hakuiona mijeledi hiyo mbele. Tena wanahistoria wanasimulia kwamba alikuwa akishikwa na kifafa mwezi unapokuwa mpevu, na kwamba hakuacha kunywa mvinyo. Aliyewatazamia wengine maradhi yao hakujipatia dawa ya ugonjwa wake mwenyewe. Al-Biruni, aliyekuwa bingwa wa falaki kumpita yeye, alimkosoa vikali katika vitabu vyake.

Sasa tukirudi kwenye kile kitabu cha sokoni, wataalamu wanaona kwamba si chake bali kimebandikwa jina lake baada ya karne nyingi. Kazi yake ni hii: huchukuliwa jina la mtu na jina la mama yake, zikahesabiwa herufi kwa abjadi, jumla ikagawanywa kwa 12, na kinachosalia ndicho burji lake. Ali mwana wa Fatuma ni 110 na 135, jumla 245. Husalia 5, basi ni mtu wa Asadi. Ali mwingine aliyezaliwa saa ile ile, chumba kile kile, na mama yake ni Mariamu, ni 110 na 290, jumla 400. Husalia 4, basi ni Saratani. Mbingu iliyokuwa juu yao ni moja. Mwenye kufanya hesabu hii hahitaji kutoka nje usiku hata mara moja katika maisha yake. Na huku kwetu Kakamega watoto huitwa Wekesa na Nekesa kwa kuzaliwa wakati wa mavuno. Majina hayo hayana imla ya Kiarabu iliyothubutu: mwandishi mmoja atatia yaa, mwingine ataiacha, na yaa moja ni 10, yatosha kumhamisha mtu kutoka burji hili hadi jingine, na kumbadilishia mchumba, kazi na dawa.

Watu wanadhurika kwa jambo hili. Magharibi ya Kenya ni nchi ya malaria, na mtoto mwenye homa anapopelekwa kutazamiwa nyota, akafukizwa buhuri na kunyweshwa kombe, siku zinazopotea ndizo alizokuwa akizihitaji apate dawa ya hospitali. Kijana asiye na kazi hulipa fedha za kukopa ili asafishwe nyota. Posa njema huvunjwa kwa kuwa Hamali na Akarabu, yasemwa, hazikai nyumba moja. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipofiwa na mwanawe Ibrahimu na jua likapatwa siku ile, watu wakasema limepatwa kwa msiba wake. Akawakataza, akawafahamisha kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa uhai wake. Kama nyota hazikusema neno juu ya mwana wa Mtume, zitasemaje juu ya posa ya fulani?

Asije mtu akafahamu kwamba twaitukana falaki. Falaki ndiyo iliyotupa nyakati za sala. Kwa falaki twajua kwamba aliye Mombasa anaelekea kaskazini sawasawa, maana Makka iko karibu juu ya mstari wake, na kwamba aliye Kakamega humpasa kugeuka kiasi cha digrii 13 upande wa mashariki ya kaskazini. Elimu hii haimwulizi mtu jina la mama yake.

Abu Maashari aliishi karibu miaka 100, akafariki katika mji wa Wasiti, nchi ya Iraki, mwezi wa Ramadhani mwaka 272 H. (886). Al-Madkhal, kitabu chake cha kweli, kilichapishwa mwaka 2019 kwa Kiarabu pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na mwenye kukisoma hatakuta humo ile hesabu ya majina.