Mwenda Jean Bosco: Mpiga gitaa wa Katanga ambaye wimbo wake ulifika mbali kuliko jina lake

Muulize kijana wa motari mjini Butembo au mama muuza vitenge mjini Beni anasikiliza muziki gani siku hizi, na jibu litatoka kwenye simu. Utasikia rumba ya Kinshasa, nyimbo za dini, Bongo Fleva ya Tanzania, nyimbo za Uganda zilizovuka mpaka wa Kasindi, na kazi za vijana wa Kivu wenyewe. Nyimbo hizo hupita mkono kwa mkono, kutoka kadi moja ya memori hadi nyingine, au hutumwa kwa WhatsApp. Nyingi hufika zikiwa na namba tu, bila jina la aliyeziimba.

Mwenda Jean Bosco hatajwi mara nyingi katika mazungumzo hayo. Lakini zaidi ya miaka 70 iliyopita, kabla ya Franco na Tabu Ley kujulikana, Mkongo huyu alikuwa akisikilizwa Nairobi, Johannesburg na miji ya migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Alikuwa na gitaa moja na sauti yake, na aliimba kwa Kiswahili. Maisha yake yanaonyesha jinsi muziki unavyosambaa kwa watu kupeana, na pia jinsi jina la mwenye wimbo linavyoweza kudondoka njiani.

Mtoto wa Bunkeya

Bosco alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, katika jimbo la Katanga, wakati Kongo ikiwa chini ya Wabelgiji. Bunkeya ilikuwa makao makuu ya Msiri, mfalme wa Bayeke. Msiri alitoka upande wa Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, akifuata biashara ya shaba na pembe za ndovu, kisha akajenga ufalme wake Katanga. Aliuawa Desemba 1891 na ofisa wa msafara uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Jina la Mwenda ni jina la heshima katika ukoo huo wa kifalme, na Bosco alilibeba maisha yake yote.

Njia hizo za misafara ya karne ya 19 zilichangia kukileta Kiswahili mashariki mwa Kongo. Katika Katanga, lugha hiyo ilipata nguvu zaidi kwa sababu ya migodi. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, iliajiri wafanyakazi kutoka makabila na nchi mbalimbali. Watu wa Kasai, wa Katanga yenyewe, wa Rwanda na wa Rhodesia walikutana katika kambi zake, na walihitaji lugha moja ya kuelewana. Kiswahili kikawa lugha ya kazini, ya sokoni na ya starehe.

Katika miji hiyo, gitaa lilikuwa chombo cha vijana. Mtu aliyepokea mshahara aliweza kulinunua, kulibeba begani na kupiga bila kuhitaji bendi. Bosco alikulia katika mazingira hayo. Alisoma shule, akapata kazi ya ofisini mjini Jadotville, mji unaoitwa Likasi leo, na baada ya saa za kazi alishika gitaa.

Vidole viwili

Kilichomtofautisha ni upigaji wake. Alitumia vidole viwili tu vya mkono wa kulia. Kidole gumba kilipiga nyuzi nene za juu ya gitaa na kushika mdundo, wakati kidole cha shahada kilichagua nyuzi nyembamba na kutoa sauti ya wimbo. Kwa kuwa kila kidole kilifuata mwendo wake, msikilizaji asiyemwona alidhani wako wapiga gitaa wawili.

Wako wataalamu wa muziki waliokaa na rekodi zake kwa miaka wakijaribu kuandika kila noti. Mmoja wao, David Rycroft, alichapisha uchambuzi mrefu wa upigaji wake katika jarida la African Music mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alionyesha kwamba Bosco hakurudia kipande kwa namna moja. Kila alipokipiga alibadilisha kidogo, akijua anakoelekea.

Februari 1952

Maisha yake yalibadilika Februari 1952. Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kurekodi muziki wa wenyeji, alipita Jadotville na kumkuta kijana huyo wa miaka 22 akipiga gitaa. Alimrekodi papo hapo. Kati ya nyimbo alizochukua siku hizo ulikuwamo wimbo Masanga.

Santuri za wakati ule zilibeba dakika tatu hivi kila upande, na mpigaji alilazimika kumaliza kabla nafasi haijaisha. Masanga ilitosha ndani ya dakika hizo. Chama cha Muziki wa Kiafrika, ambacho Tracey alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, kiliupa wimbo huo tuzo ya Osborn ya mwaka 1952. Kampuni ya Gallo ya Johannesburg iliutoa kwa chapa ya Gallotone, na Bosco akaendelea kurekodi. Katika miaka iliyofuata alitoa nyimbo zaidi ya 100.

Hapo ndipo muziki wake ulipoanza kusafiri bila yeye. Mfanyakazi wa mgodini aliporudi kwao likizo, alibeba santuri. Mwenye baa aliyekuwa na gramafoni aliziweka na wateja wakasikiliza. Redio za kikoloni zilizokuwa na vipindi vya lugha za Kiafrika nazo zilihitaji muziki wa kupiga. Wapiga gitaa walikaa mbele ya gramafoni wakirudisha sindano mwanzo, mara nyingi kadiri walivyohitaji, mpaka vidole vyao vikapata njia ya vidole vya Bosco. Hawakuwa na noti za kusoma wala mwalimu.

Nairobi na dawa ya kichwa

Mwaka 1959 Bosco alikwenda Nairobi. Alikaa huko miezi kadhaa akifanya kazi ya kutangaza dawa ya Aspro, ya kutuliza maumivu ya kichwa, kwa nyimbo. Jamaa yake na mwanamuziki mwenzake kutoka Katanga, Edouard Masengo, naye alifika Kenya, akajulikana sana kwa nyimbo za kutangaza Coca-Cola.

Upigaji wa vidole viwili ulishika kasi Kenya katika miaka hiyo, hasa miongoni mwa wapiga gitaa wa magharibi mwa nchi kama George Mukabi na John Mwale. Kila mmoja aliuchanganya na midundo ya kwao. Wakongo kutoka Katanga waliwasaidia kuujua, na Kiswahili kilifanya iwe rahisi, kwa sababu msikilizaji wa Nairobi alielewa maneno ya mtu wa Jadotville bila mkalimani. Jambo hilo wafanyabiashara wa Butembo wanalijua vizuri: anayefika Kampala au Nairobi kununua bidhaa hulitumia Kiswahili hichohicho kuulizia bei.

Majina matatu, mtu mmoja

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku 11 baadaye Katanga ilitangaza kujitenga, na vita vikaendelea hadi Januari 1963. Mwaka 1966 Jadotville ikaitwa Likasi na Elisabethville ikaitwa Lubumbashi. Mwaka 1971 nchi yenyewe ikawa Zaire na Katanga ikawa Shaba. Kisha Rais Mobutu akawataka wananchi waache majina ya Kizungu, na Jean Bosco akawa Mwenda wa Bayeke.

Kwa hiyo leo rekodi za mtu huyo mmoja zinapatikana kwa jina la Jean Bosco Mwenda, au Mwenda Jean Bosco, au Mwenda wa Bayeke. Msikilizaji asiyejua historia anaweza kudhani ni wanamuziki watatu. Na kwa kuwa upigaji wake uliigwa na wengi, anaweza pia kusikia wimbo wake kwa mtu mwingine na kuamini kuwa ni wa huyo.

Bosco hakutegemea muziki peke yake. Aliishi Lubumbashi, alifanya kazi za ofisini, aliongoza bendi ya dansi iliyoitwa Super Shaba na kumiliki hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Wakati huohuo rumba ya Kinshasa, yenye bendi kubwa, magitaa ya umeme na Lingala, ilikuwa imeiteka nchi nzima. Mpiga gitaa mmoja anayeimba Kiswahili alionekana kama mtu wa zamani katika nchi yake mwenyewe.

Nje ya nchi waliendelea kumtafuta. Mwaka 1969 alipiga katika tamasha la Newport, Marekani. Mwaka 1982 alizuru Ulaya. Mwaka 1988 alirekodi albamu mjini Cape Town. Wakati huo alikuwa na karibu miaka 60, na vidole vyake vilikuwa bado vinakumbuka kazi.

Alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari nchini Zambia. Albamu ya Cape Town ilitolewa Marekani miaka minne baadaye, mwaka 1994, bila yeye kuiona ikiwafikia wasikilizaji huko.

Kwa nini ajulikane Butembo na Beni

Tarehe 14 Desemba 2021, UNESCO iliiweka rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa utamaduni wa dunia. Wakongo walifurahi, na walikuwa na haki. Lakini hadithi ya rumba husimuliwa kutoka kingo mbili za Mto Kongo, Kinshasa na Brazzaville, na magwiji wake wengi waliimba Lingala. Mashariki mwa nchi, ambako watu husalimiana, hubishana bei na huomboleza kwa Kiswahili, nako kuna historia ya muziki, na Bosco ni sehemu yake kubwa.

Kuna jambo la karibu zaidi. Butembo na Beni zina vijana wanaoimba. Wengi hurekodi katika studio ndogo na kutegemea simu za rafiki zao ili wasikike. Wanaimba mapenzi, dini na maisha, na wengi wao wameimba amani, kwa sababu tangu Oktoba 2014 eneo la Beni limezika watu wengi mno waliouawa. Familia zinazokimbia vijiji huacha karibu kila kitu, ila simu huwa mfukoni. Wimbo uliomo ndani yake unaweza kuwa kumbukumbu pekee iliyobaki ya sherehe, ya kwaya ya parokia au ya jirani aliyekuwa na sauti nzuri.

Faili isiyo na jina haiwezi kumrudisha msikilizaji kwa mwimbaji. Bosco aliokolewa na karatasi: santuri zake zilibandikwa jina la msanii na la wimbo, na Tracey aliandika mahali na mwaka wa kila rekodi yake. Ndiyo maana leo tunaweza kusema kwa uhakika kwamba Masanga ilirekodiwa Jadotville mwaka 1952. Kijana wa Beni anayetumiana wimbo leo hana mtu wa kumfanyia kazi hiyo. Afadhali yeye mwenyewe aandike jina la mwimbaji, mji na mwaka kabla ya kuutuma, na anayepokea asiyafute.

Rekodi alizofanya Tracey zimehifadhiwa katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika, katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Nyimbo kadhaa za Bosco zinapatikana pia kwenye intaneti. Anayetaka kuanza aitafute Masanga ya mwaka 1952, kisha alinganishe na albamu ya Cape Town ya mwaka 1988. Kati ya rekodi hizo mbili kuna miaka 36, nchi iliyobadili jina na miji iliyobadili majina. Aazime spika nzuri kidogo, kwa sababu sauti ya kidole gumba haisikiki vizuri kwenye simu. Na akimtumia mwenzake, aandike: Mwenda Jean Bosco, Katanga.